Niliwaua watoto wa ledibagi kwa mkono wangu mwenyewe

Sizunguki, naanza na kosa langu kabisa. Kwenye mche wangu wa waridi kulijaa vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaojibana kwenye ncha changa na chini ya tumba la ua, wamejipanga kama shanga mpaka rangi ya shina huioni. Mi sipigi dawa, hilo nilishaamua zamani, nikasema nitasubiri ledibagi, wale wadudu wadogo wa duara wekundu wenye madoa meusi, waje wafanye kazi yao maana kila mtu anajua ledibagi anakula vidukari, hata mtoto wa darasa la kwanza atakwambia. Sasa siku ya tatu ya kusubiri naona katikati ya vidukari kuna viumbe vingine kabisa, virefurefu, vyeusi vya kijivujivu, vina vinundu na vimiiba mgongoni na madoa ya rangi ya chungwa ubavuni, vinatembea harakaharaka kwa miguu sita kama vimamba vilivyokosa mto. Nikasema ahaa, kumbe adui ni wewe. Nikachukua kijiti, nikawadondosha mmoja mmoja, nikawakanyaga. Nilihesabu kabisa, 19. Nikanawa mikono nikarudi kukaa kungoja ledibagi.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka tisa na ana ule ugonjwa wa kugeuza kila jani aone chini kuna nini.

"Shangazi, hawa nani kawaua?"

"Mimi. Wanamaliza waridi langu."

"Lakini shangazi hawa si ndo watoto wa ledibagi?"

"Nani kakwambia? Umeona wapi mtoto ana miiba mama yake hana."

Hakubishana, alikimbia ndani akarudi na kitabu chake cha picha, akakifungua akaniwekea mapajani bila kusema neno. Vimamba vyangu vipo pale, rangi ileile, madoa yaleyale. Nilinyamaza mpaka chai ikapoa.

Shida ni kwamba huyu mdudu sisi tunamjua siku ya harusi tu. Kashavaa, kashang'aa, mwekundu na madoa yake meusi, tunampiga picha tunasema jamani mzuri. Maisha yake ya kabla ya hapo hatuyajui kabisa. Mama anataga mayai ya njano, marefu kidogo, ameyasimamisha wima yamebanana kama kikundi cha watu kwenye foleni, mara nyingi upande wa chini wa jani na karibu kabisa na vidukari ili watoto wasihangaike. Kukiwa na joto siku tatu mpaka tano yanaanguliwa, na hapo hakuna undugu, anayetoka wa kwanza anakula ganda lake halafu akigeuka akakuta yai la jirani halijapasuka basi na lenyewe linaliwa. Kuna mpaka jamii za ledibagi ambazo baadhi ya mama zao wana bakteria wanaoua mayai ya kiume yakiwa bado hayajaanguliwa, madume wanafia ndani na dada zao wakitoka wanawala kama kifungua kinywa. Mi nilidhani naandika kuhusu mdudu wa kadi za watoto.

Baada ya hapo ndo anakuwa yule mamba. Anapita hatua nne, kila akinenepa anajivua ngozi, na kazi yake ni moja, kula. Ledibagi mwenye madoa saba, yule maarufu wa Ulaya na Asia, anakadiriwa kula mpaka vidukari 5,000 maisha yake yote ukijumlisha utoto na ukubwa, na huyo mtoto mwenye miiba anachukua sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa sababu ana haraka ya kukua na hana mabawa ya kumpeleka kwingine, yupo palepale kwenye mche wako mpaka amalize. Halafu piga hesabu, 19 mara mia kadhaa. Ndo maana waridi langu lilizidi kuvamiwa wiki iliyofuata, na mi nimekaa nashangaa.

Akishiba anajibandika kwenye jani kwa mkia, anakunjamana, anakuwa pupa, kitu kama tone la udongo wa chungwa lililokauka. Ukimgusa anainuka ghafla kama anasujudu kinyumenyume, nilipiga kelele mara ya kwanza. Baada ya wiki hivi anatoka ledibagi lakini bado si yule unayemjua, anatoka wa njano mpauko, laini, hana doa hata moja, anakaa palepale anakauka na madoa yanajitokeza taratibu ndani ya masaa. Kwa hiyo ile habari ya kwamba madoa ni umri wake, doa moja mwaka mmoja, futeni. Madoa ni ya jamii yake. Aliyezaliwa na saba atakufa na saba, na wengi wao hawafikishi hata miaka miwili.

Jamii zipo kama 6,000 duniani na nyekundu ni baadhi tu, wapo wa njano, wa kahawia, weusi tii wenye madoa mekundu kama mtu aliyevaa nguo nje ndani. Rangi hizo kali si urembo, ni onyo. Mchukue mkononi umbane kidogo uone, anakunja miguu anajifanya kafa na kwenye magoti yanatoka matone ya njano yananuka vibaya, hiyo ni damu yake mwenyewe, ina sumu chungu ambayo ndege akiionja mara moja basi akiona tena hiyo rangi anapita mbali. Damu kutoka magotini! Na kumbe zamani huko Ulaya watu walikuwa wanamponda huyuhuyu wanamtia kwenye jino linalouma kama dawa, sasa sijui waliokuwa wanaumwa jino walikuwa na hali gani mpaka wakubali hiyo ladha.

Jina lenyewe kwa Kiswahili halijatulia. Kwenye maandishi unaweza ukakuta mdudu kibibi, kwenye simu watu wanaandika ledibagi au ledibadi, na ukitaka ukoo wake ni mbawakawa tu kama mbawakawa wengine. Mi kibibi nalipenda kwa sababu limeangukia palepale walipoangukia Wazungu. Yule bibi wa kwenye jina lake la Kiingereza ni Bikira Maria, maana kwenye michoro ya zamani Maria alichorwa sana na joho jekundu, na yale madoa saba watu wakayapa maana, furaha saba za Maria na huzuni zake saba. Hadithi inasema wakulima wa zamani walivamiwa na wadudu shambani wakamuomba Maria, wakaja hawa wekundu wakasafisha. Wajerumani wanamwita Marienkäfer, mbawakawa wa Maria. Wadenmark wanasema mariehøne, kuku wa Maria. Wasweden wamempa ajira, nyckelpiga, binti wa kazi anayeshika funguo.

Halafu kuna wale waliomuona ng'ombe. Warusi wanamwita bozhya korovka, kang'ombe ka Mungu, na Waayalandi kwa lugha yao wanasema bóín Dé ambayo ni hivyohivyo, kang'ombe ka Mungu, na kwa Kiebrania ni ng'ombe wa Musa. Mdudu hafiki hata sentimita moja jamani, ng'ombe! Lakini ukimwangalia anavyotembea kwenye jani huku kichwa chini, anakula, hana habari na mtu, unaanza kuwaelewa. Wajapani wao wamemuita tentōmushi, mdudu wa jua, kwa sababu ukimweka kwenye kidole anapanda tu, anapanda mpaka kwenye ncha, akifika juu kabisa anafungua mabawa anaelekea angani. Kila mtoto duniani ameujaribu huo mchezo nadhani. Kwa wengine upande anaorukia ndo upande atakaotokea mchumba wako. Waturuki wamemaliza kabisa, wanamwita mdudu wa bahati. Na karibu kila anakopendwa utasikia kumuua ni mkosi, kwa hesabu hiyo mi nadaiwa mikosi 19.

Hapo kwenye kufungua mabawa nikae kidogo. Yale magamba mekundu ndo mabawa ya mbele, yamekuwa magumu, kazi yake ni kufunika. Ya kurukia yapo chini yake, marefu kuliko mwili, yamekunjwa. Anayafungua kwa kufumba na kufumbua lakini kuyarudisha ni shughuli, anatumia mgongo wake kuyavuta na kuyakunja, na yote hayo yanatokea baada ya gamba kufungwa kwa hiyo huoni kitu. Mwaka 2017 watafiti wa Japani, chuo kikuu cha Tokyo, walikata kipande cha gamba wakamwekea kingine cha plastiki inayoonyesha, kama dirisha, ndo wakaona jinsi anavyokunja. Wahandisi wanaipenda sana hiyo siri kwa ajili ya vitu vinavyokunjwa vikapelekwa angani. Na speaking ya angani, hapana ngoja niseme kwa lugha yetu, tukiwa hapohapo angani, Julai 1999 ledibagi wanne walipelekwa huko kweli kwenye chombo cha Columbia, safari iliyoongozwa na Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuongoza safari ya vyombo vile, kwa sababu wanafunzi wa kike kutoka Chile walitaka kujua kidukari akiwa hana uzito atakimbiaje, maana huku chini janja yake kubwa ni kujiachia adondoke. Wale ledibagi walipewa majina ya wanamuziki wanne wa The Beatles. Na vidukari waliliwa hukohuko.

Lakini hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya California. Miaka ya 1880 mashamba ya machungwa kule yalikuwa yanakufa, miti imefunikwa na mdudu gamba mweupe anayefanana na pamba, anafyonza utomvu mpaka mti unakauka, watu wakajaribu kila kitu, wakanyunyiza, wakafukiza, wengine wakang'oa miti yao wakachoma moto. Mkuu wa wadudu kwenye wizara ya kilimo ya Marekani, Charles Valentine Riley, akajiuliza swali ambalo ukilisikia unaona ni la kawaida lakini halikuwa la kawaida, huyu mdudu katoka Australia, sasa kwa nini kwao Australia hasumbui? Lazima kuna anayemla. Shida serikali haikutaka kulipia safari za wataalamu wa wadudu kwenda nje, basi wakamtafutia mtu wake, Albert Koebele, nafasi kwenye msafara wa kwenda maonyesho ya kimataifa ya Melbourne mwaka 1888. Yaani kwenye karatasi anaenda maonyesho, kumbe anaenda kuwinda ledibagi.

Akampata. Mdogo, mwekundu na mweusi, jina la kitaalamu Rodolia cardinalis. Akaanza kuwatuma kwa meli, na kufikia Januari 1889 waliokuwa wamefika Los Angeles wakiwa hai ni 129. Wadudu 129 kwa jimbo zima! Wakawekwa kwenye mchungwa mmoja ulioshambuliwa, wakaufunika kwa hema ili wasitoroke, wakaachiwa wale na wazaliane. Baada ya miezi michache ule mti ulikuwa msafi, wakafungua hema wakawaacha wasambae, na kufikia Juni walikuwa wameshagawa zaidi ya wadudu 10,000 kwa wakulima wengine, watu wanakuja na visanduku kuchukua. Ndani ya mwaka mmoja hivi yule mdudu gamba akawa habari ya zamani.

Sasa sikia mwisho wake maana ndo ulionigusa mimi mwenye damu mikononi. Miaka ya 1940 ilikuja DDT, dawa ya ajabu ya kuua wadudu, kila mtu anapiga, na kwenye mashamba yaleyale ikaua ledibagi wale, na mdudu gamba akarudi kama hajawahi kuondoka. Yaani miaka hamsini na kitu watu walikuwa na mlinzi wa bure, wakamuua kwa dawa ya kuwalinda. Mi nilitumia kijiti lakini ni kosa lilelile.

Watu wakisikia hiyo habari ya California wanauliza basi nanunua wapi. Kuna nchi wanauza kweli, mifuko ya ledibagi kwa maelfu, lakini wengi wa wale wa Marekani wanaouzwa wanaokotwa milimani wakiwa wamelala kwa makundi kipindi cha baridi, sasa ukimuamsha mtu aliyelala ukamtupa bustanini kwako silika yake inamwambia ruka uende, na wanaenda, ndani ya siku chache huoni hata mmoja. Kuruka wanajua, rada Uingereza iliwanasa wengine mpaka zaidi ya kilomita moja juu. Na kuna hatari nyingine ya kuleta mgeni, ledibagi wa Asia anayeitwa Harmonia axyridis alipelekwa Marekani na Ulaya makusudi kwa sababu ni mlaji hodari, akageuka kero, akimaliza vidukari anakula mayai na watoto wa ledibagi wenyeji, amebeba vimelea visivyomdhuru yeye ila vinawaua wenzake, na baridi ikianza anaingia ndani ya nyumba za watu kwa mamia. Uingereza alifika 2004 bila hata kualikwa. Kwa hiyo mi sinunui, nawasubiri waliopo.

Kuwasubiri nako kuna adabu yake nimejifunza. Kwanza lazima ukubali kuwa na vidukari. Hiki ndo kilinishinda mwanzoni, unataka mlaji halafu unaficha chakula, atakuja kufanya nini? Mama hatagi pasipo na chakula cha watoto. Pili angalia sisimizi. Kidukari anafyonza utomvu mwingi wenye sukari kuliko anavyohitaji, inayozidi inatoka nyuma kama matone ya asali, sisimizi wanaipenda, basi wanawafuga vidukari kabisa kama mifugo na ledibagi akija wanamng'ata wanamfukuza. Kama kwenye mche wako kuna msafara wa sisimizi wanapanda na kushuka, tatizo lako linaanzia hapo, wazuie wasipande, mi nafunga shina kitambaa chenye kitu cha kunata. Hata maji ya sabuni, ambayo watu wanayaona hayana neno, yakimpata yule mamba laini yanamuua vilevile. Na nimeacha giligilani na bizari zitoe maua badala ya kuzing'oa zikizeeka, ledibagi mkubwa anakula na chavua vidukari wakiwa haba, na yale maua madogomadogo ya wazi anayafikia. Mbolea pia nimepunguza, mche ukilishwa naitrojeni sana unatoa majani laini mengi na kwa kidukari hiyo ni sherehe.

Ila msije mkawapenda wote kwa mkumbo, wapo ndugu zao wanaokula majani. Hao wana vinyweleo vifupi mgongoni kwa hiyo hawang'ai, wanaonekana wamefubaa kama wamepakwa vumbi, na unawakuta kwenye maharage au maboga au jamii ya viazi wakiwa wamekwangua jani likabaki wavu. Watoto wao ni wa njano na miiba yao ina matawi. Hao kijiti kinawahusu. Ukiona mwenye miiba, kabla hujafanya chochote angalia jani limetobolewa au la, na angalia kama kuna vidukari karibu, inatosha.

Juzi nimesoma habari ya nyigu mmoja nikakosa hamu ya kula. Dinocampus coccinellae. Anamdunga ledibagi yai tumboni, buu anakulia ndani, anatoka, anajisokotea kifuko cha hariri katikati ya miguu ya ledibagi, na ledibagi bado yuko hai, amekaa juu ya kile kifuko anatetemekatetemeka kama mlinzi anayefukuza watu, kumbe nyigu alimwachia na kirusi kinachovuruga ubongo. Na cha ajabu, karibu robo yao nyigu akishaondoka wanapona, wanaendelea na maisha. Nikimuona ledibagi ametulia tu sehemu moja siku hizi namuinamia kwanza nione kashika nini.

Waridi lilipona lenyewe mwishowe, lilichelewa lakini lilipona. Mwaka huu vidukari wamehamia kwenye maharage na sijawagusa, ingawa kila nikipita vidole vinaniwasha. Jana asubuhi nikageuza jani nikakuta mayai, ya njano, yamesimama wima, kama ishirini hivi. Nikamwita mwenzangu wa miaka tisa, akayaangalia muda mrefu bila kupumua, akaenda akarudi na uzi mwekundu akaufunga kwenye shina la mche ule.

"Huu wa nini?"

"Wako shangazi. Ukiuona uzi, usilete kijiti."